Kufika Heathrow kwa mara ya kwanza: jinsi ya kupita uhamiaji na forodha

Kila msimu wa masomo unapokaribia, na kila Desemba ndugu wanapotembeleana, maswali huwa ni yale yale: nikifika London nitaulizwa nini, nijaze fomu gani, dagaa wangu watachukuliwa, njia ya kijani ni ya nani? Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msafiri wa Tanzania, Kenya au nchi jirani anayeshuka katika uwanja wa ndege wa Heathrow kwa mara ya kwanza, akiwa tayari amepata viza ya matembezi, masomo au kazi. Hauelezi namna ya kuomba viza.

Sehemu kubwa ya usumbufu unaowapata wageni Heathrow hutengenezwa nyumbani, siku ya kufunga mizigo. Kwa sababu hiyo hatua tatu za kwanza hapa chini zinafanyika kabla hujaenda uwanjani, na ningekuomba usiziruke hata kama ndege yako ni kesho.

Unachohitaji kuwa nacho

Nyaraka zote zikae kwenye mkoba wa mkononi. Begi kubwa utalipata baada ya kupita uhamiaji, kwa hiyo barua iliyomo ndani yake haiwezi kukusaidia mbele ya ofisa.

- Pasipoti ile ile uliyoombea viza. Ikiwa viza yako ni ya kielektroniki, hakikisha pasipoti unayosafiria ndiyo iliyounganishwa na akaunti yako ya UKVI, yaani idara ya viza na uhamiaji ya Uingereza. Aliyebadilisha pasipoti baada ya kupata viza anapaswa kusahihisha taarifa hizo kabla ya safari, kwa kuwa shirika la ndege huangalia hali ya viza tangu Dar es Salaam au Nairobi.
- Anwani kamili ya unakofikia, pamoja na jina na namba ya simu ya mwenyeji, vyote vikiwa vimeandikwa kwenye karatasi. Simu huishiwa chaji, na laini ya nyumbani inaweza isishike mtandao.
- Kwa mgeni wa matembezi: tiketi ya kurudi, barua ya mwaliko kama ipo, barua ya mwajiri inayoonyesha likizo, na uthibitisho wa fedha za kujikimu.
- Kwa mwanafunzi: barua ya chuo, namba ya CAS (uthibitisho wa kukubaliwa masomoni unaotolewa na chuo) na uthibitisho wa malazi.
- Kwa mtoto anayesafiri na mzazi mmoja au na ndugu: cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi asiyesafiri, yenye namba yake ya simu. Viza ya matembezi ya mtoto ikitaja jina la mtu mzima wa kuandamana naye, mtu huyo ndiye anayepaswa kuwa naye safarini.
- Dawa zikiwa ndani ya vifungashio vyake vya asili, pamoja na cheti au barua ya daktari. Baadhi ya dawa zinazodhibitiwa, kwa mfano diazepam, tramadol na mofini, zinahitaji barua inayotaja jina lako, dawa na kipimo chake. Ukibeba za kutumia miezi 3 au zaidi utahitaji leseni.

Kadi ya kujaza ndani ya ndege ambayo waliotangulia watakusimulia haipo tena. Uingereza iliifuta kwa wasafiri wote Mei 2019.

Hatua kwa hatua

1. Funga mzigo wako mwenyewe, na ujue kila kilichomo.

Habari za safari zikienea mtaani, vifurushi huanza kuja. Jirani analeta bahasha ya mwanawe aliyeko Reading, mama mkwe analeta mfuko wa viungo uliokwisha kushonwa, na usiku wa mwisho anatokea mtu usiyemfahamu vizuri, ametumwa na rafiki wa rafiki, ameshika boksi lililozungushiwa gundi ya karatasi pande zote. Kwetu ni vigumu kumkatalia mtu jambo kama hilo, na wanaosafirisha haramu wanaujua ugumu huo na kuutumia.

Kanuni ya kufuata ni hii: usichokifungua mwenyewe ukakiona, hakiingii begini. Mwambie anayekutuma, kwa heshima, kwamba utakifungua mbele yake na kukifunga upya. Mwenye nia njema hatakasirika. Anayesita au anayeanza kueleza kwamba kimefungwa kitaalamu, mrudishie mzigo wake. Forodhani begi ni lako na lebo ina jina lako. Kusema "nilipewa tu" hakutakuzuia kukamatwa.

Kwa wasafiri kutoka Kenya na Ethiopia lipo pia suala la miraa. Kuna wazee wanaokumbuka enzi ilipokuwa ikiuzwa waziwazi London, wakadhani hali ni ile ile. Uingereza iliipiga marufuku tarehe 24 Juni 2014, na tangu hapo imewekwa katika daraja C la dawa za kulevya. Hata kifungu kimoja cha kutafuna mwenyewe ni kosa.

2. Chambua vyakula kimoja kimoja.

Hapa ndipo wengi wanapopoteza vitu, kwa hiyo soma taratibu. Nyama ya aina yoyote kutoka Afrika Mashariki hairuhusiwi: mbichi, iliyokaushwa, iliyokaangwa, au iliyomo ndani ya sambusa. Maziwa na vinavyotokana nayo navyo ni marufuku, maana yake samli, mtindi na maziwa mgando vibaki nyumbani. Maziwa ya unga ya mtoto mchanga yanaruhusiwa hadi kilo 2, mradi hayahitaji jokofu na yamo kwenye kopo lake la kiwandani ambalo halijafunguliwa, isipokuwa kama mtoto anayatumia safarini.

Samaki ni habari njema. Unaruhusiwa kubeba samaki kwa matumizi yako hadi kilo 20, kwa hiyo dagaa wakavu wa Kigoma au Mwanza hawana tatizo la kisheria. Tatizo lao ni harufu, basi wafunge katika mifuko miwili au mitatu isiyopitisha hewa. Asali ya Tabora au ya Kitui inaruhusiwa hadi kilo 2.

Matunda na mboga mbichi kwa jumla huhitaji cheti cha afya ya mimea kinachotolewa na mamlaka ya nchi yako, yaani kitu ambacho msafiri wa kawaida hana. Mananasi, ndizi, nazi na tende havihitaji cheti hicho. Viazi mviringo usivibebe kabisa, na mihogo mibichi, mchicha, matembele na mbegu za kupanda uviache. Kahawa iliyokaangwa, majani ya chai, viungo vilivyosagwa, unga na mikate kama kaimati au visheti havisumbui. Ninashauri kila mfuko wa unga au viungo uwe na maandishi yanayosema ni nini. Unga mweupe ndani ya mfuko usio na jina unamlazimu ofisa kuufungua na kuupima, nawe utasimama hapo ukisubiri.

Mapambo nayo yaangaliwe. Pembe za ndovu, magamba ya kasa, matumbawe na ngozi za wanyama wa porini vinaangukia kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, na bangili ya urithi wa bibi haina msamaha kwa sababu tu ni ya zamani.

3. Hesabu fedha taslimu na thamani ya zawadi.

Ukibeba paundi 10,000 au zaidi, au kiasi kinacholingana na hicho kwa dola, shilingi au sarafu nyingine, ni lazima utoe tamko. Si kosa kuwa na fedha hizo. Kosa ni kukaa kimya. Familia inayosafiri pamoja huhesabiwa kwa jumla, hivyo kugawana noti kati ya baba, mama na watoto ili kila mmoja awe chini ya kiwango hakuwaondolei wajibu. Tamko linaweza kutolewa mtandaoni kuanzia saa 72 kabla ya safari. Asiyetangaza, au anayetoa taarifa zisizo za kweli, anaweza kutozwa faini ya hadi paundi 5,000, na fedha zenyewe zinaweza kushikiliwa. Kumbuka pia kwamba Tanzania na Kenya zinakutaka utangaze unapotoka, kwa kiwango cha dola 10,000.

Kwa bidhaa nyingine, yaani zawadi, nguo mpya, marashi na vifaa, kila mtu ana posho ya paundi 390 isiyotozwa ushuru. Kitu kimoja kikizidi thamani hiyo, kodi hutozwa kwa thamani yote ya kitu hicho, wala huwezi kuunganisha posho yako na ya mwenzako ili kukifunika. Mwenye umri wa miaka 17 au zaidi anaruhusiwa pia sigara 200, na pombe kali lita 4, divai lita 18 na bia lita 42. Ulichonunua katika duka lisilotoza ushuru, Doha au Addis Ababa, kinahesabiwa humo humo.

Tafadhali zingatia jambo moja ambalo kina mama wafanyabiashara wengi hawaambiwi: posho ya paundi 390 ni ya matumizi yako na zawadi. Vitenge, batiki au vinyago ulivyobeba kwa ajili ya kuuza havina posho yoyote, na lazima vitangazwe hata kama thamani yake ni ndogo.

4. Ukishuka, fuata mabango ya njano.

Mabango ya njano yaliyoandikwa "Arrivals" ndiyo yanayoelekea uhamiaji. Yale ya zambarau ni ya abiria wanaounganisha ndege, na mgeni akiyafuata kwa kufuata umati atajikuta katika ukaguzi wa usalama wa safari nyingine. Njia ni ndefu na ina ngazi za umeme. Pita msalani kwanza, kwa sababu ukishaingia foleni hutapenda kuipoteza nafasi yako.

5. Chagua foleni iliyo sahihi na uandae pasipoti.

Utaona milango ya mashine ambayo watu wanaipita kwa dakika chache. Milango hiyo ni ya raia wa Uingereza, wa nchi za Umoja wa Ulaya na wa nchi nyingine chache kama Marekani, Kanada, Australia na Japani. Mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki huenda kwenye madirisha yenye maofisa, chini ya bango la pasipoti nyinginezo. Usipige picha wala video humo ndani, na malizia mazungumzo ya simu kabla zamu yako haijafika. Familia moja inaweza kwenda dirishani kwa pamoja.

6. Jibu maswali kwa ufupi na kwa ukweli.

Viza hukufikisha mlangoni. Anayekuruhusu kuingia ni ofisa wa Border Force (kikosi cha mipaka cha Uingereza) aliye mbele yako, naye ana mamlaka ya kuifuta viza akiona umedanganya au sababu za safari yako zimebadilika. Mara nyingi mazungumzo hayazidi dakika chache. Atachukua alama za vidole, atakulinganisha na picha, kisha atauliza mambo ya kawaida: umekuja kufanya nini, utakaa muda gani, utafikia kwa nani, anayegharamia ni nani, nyumbani unafanya kazi gani.

Jibu kile ulichoulizwa, kisha nyamaza. "Nimekuja kumtembelea dada yangu, nitakaa wiki tatu, ninarudi tarehe 14 kwa sababu likizo yangu inaisha" ni jibu lililokamilika. Wageni wengi hujiletea taabu kwa adabu ya kwetu ya kueleza mambo kwa mapana, wakaanza kusimulia kwamba dada ana watoto wadogo na wao watamsaidia kuwalea kidogo. Ofisa anasikia kazi, na viza ya matembezi hairuhusu kazi, hata ya kulea watoto kwa malipo ya posho. Kama kweli umekuja kumwona mjukuu, sema umekuja kumwona mjukuu. Kama kweli umekuja kufanya kazi ya ulezi, hiyo si safari ya viza ya matembezi.

Liko pia suala la neno "dada". Sisi tunamwita dada binti wa mama mdogo, na hata rafiki wa familia tunamwita shangazi. Ikiwa katika maombi ya viza uliandika binamu, sema binamu. Ofisa ana maombi yako kwenye kompyuta, na tofauti ndogo kama hiyo humfanya aulize maswali kumi ya ziada.

Kiingereza kikikupa shida, omba mkalimani wa Kiswahili mapema. Ni bora kusubiri kuliko kuitikia "yes" kwa swali ambalo hukulielewa, maana jibu hilo litaandikwa kama lako. Kabla ya kuondoka dirishani, kama una viza ya kubandikwa, angalia muhuri na tarehe zake. Mwenye viza ya kielektroniki huenda asigongewe muhuri wowote, na hiyo ni sawa. Muda wake wa kukaa unaonekana kwenye akaunti yake.

7. Chukua mizigo.

Kwenye skrini tafuta namba ya ndege iliyokuleta Heathrow; kama uliunganisha Doha au Amsterdam, ni ile ya mwisho. Linganisha namba ya lebo na kile kipande ulichopewa wakati wa kukabidhi mzigo, kwa sababu mabegi meusi yanafanana. Angalia kufuli na zipu kabla ya kusogea.

8. Chagua njia ya forodha.

Njia ya kijani ni ya asiye na cha kutangaza. Njia nyekundu ni ya mwenye bidhaa zilizozidi posho, bidhaa za biashara, fedha za paundi 10,000 au zaidi, au chakula na kitu kingine asicho na uhakika nacho. Bidhaa zinaweza kutangazwa mtandaoni kuanzia siku 5 kabla ya kufika. Ukifika njia nyekundu ukakuta hakuna ofisa, tumia simu iliyowekwa hapo kumwita.

Ukipita njia ya kijani, umetamka kisheria kwamba huna cha kutangaza, ingawa hukufungua mdomo. Ofisa anaweza kukusimamisha hata hivyo, akakuuliza kama begi ni lako, kama ulilifunga mwenyewe, na kama umebeba kitu cha mtu mwingine. Maswali hayo matatu huja kabla hajalifungua, na majibu yake ndiyo uliyoyaandaa katika hatua ya kwanza. Mwenye shaka na aende njia nyekundu: chakula kisichoruhusiwa kitachukuliwa na kuharibiwa, nawe utaendelea na safari.

9. Toka nje na kutana na mwenyeji.

Unapompa mwenyeji muda wa kufika, nakili saa ya tiketi kwa tarakimu, 06:30 au 18:30, kwa kuwa "saa kumi na mbili na nusu" imewafanya watu wengi wasubiriwe wakati usio wao. Saa ya tiketi ni ya London, ambayo iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 3 wakati wa baridi na saa 2 wakati wa kiangazi. Usimfuate mtu anayekufuata ukumbini akikuuliza kama unataka teksi. Treni za Piccadilly na Elizabeth, mabasi na kituo rasmi cha teksi vyote vina mabango.

Mambo yakienda kombo

*Umeambiwa ukae pembeni.* Ofisa anaweza kubaki na pasipoti yako na kukuelekeza kwenye viti ili athibitishe jambo, mara nyingi kwa kumpigia simu mwenyeji au chuo. Ndiyo maana mwenyeji anapaswa kushika simu siku hiyo na kujua tarehe zako za kurudi. Kaa kwa utulivu, usibadilishe maelezo, na omba maji au dawa ukihitaji.

*Viza haionekani kwenye mfumo.* Onyesha barua pepe ya uamuzi na namba ya maombi. Aghalabu chanzo huwa ni pasipoti mpya ambayo haikuunganishwa na akaunti.

*Umekataliwa kuingia.* Unapaswa kupewa sababu kwa maandishi. Isome, au usomewe na mkalimani, kabla ya kutia sahihi chochote. Una haki ya kuwasiliana na mwanasheria, na unaweza kuomba ubalozi wa nchi yako ujulishwe.

*Ofisa amekuta kitu ambacho hukukitangaza.* Usibishane wala usitoe fedha kwa namna yoyote ile. Kumpa ofisa "chochote" ni kosa jingine kubwa. Sema ulichokuwa unajua na usichokuwa unajua. Vitu vikishikiliwa, omba hati inayoonyesha kilichochukuliwa, kwa sababu ina maelekezo ya jinsi ya kupinga uamuzi huo.

*Begi halikufika.* Usitoke kwenye ukumbi wa mizigo. Nenda kwenye dawati la shirika lililokuleta, ujaze ripoti na upewe namba ya kumbukumbu. Kwa mujibu wa Mkataba wa Montreal, malalamiko ya maandishi kuhusu begi lililoharibika hupelekwa ndani ya siku 7, na kwa begi lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Tunza risiti za nguo na mahitaji uliyolazimika kununua.

*Mwenyeji haonekani.* Heathrow ina majengo kadhaa ya abiria, na kila moja lina ukumbi wake wa kutokea. Mtumie namba ya jengo ulilomo na usubiri hapo hapo. Akiwa yupo jengo jingine, aje yeye anayeijua njia.

*Umegundua baada ya kutoka kwamba umebeba begi la mtu mwingine.* Usilifungue. Rudi kwenye dawati la shirika la ndege au piga simu yao mara moja, ueleze namba iliyo kwenye lebo, kwa sababu mwenye begi hilo huenda bado yuko ndani amesimama mbele ya mkanda wa mizigo, na begi lako liko hapo hapo.